Barua ya Wazi kwa Wazazi na Walimu wa Kazimia juu ya Safari Fupi ya Gari la Moshi

Kwa Waheshimiwa Wanakamati wa Wazazi na Walimu Wakuu wa shule za msingi za Kazimia, na kwa wenzao wa Baraka, Fizi na pwani yote ya ziwa iliyo upande wetu.

Habari imenifikia, na bila shaka nanyi imewafikia, ya kuwa baadhi ya akina baba na akina mama wa hapa Kazimia wamekusudia, likizo kubwa itakapowadia, kuwavusha watoto wao wadogo hata Kigoma, upande wa Tanzania, wakapande gari la moshi, kitu ambacho wengi wao hawajapata kukiona ila katika picha ya kitabu, tena kitabu chenyewe kimechakaa hata magurudumu hayaonekani. Wako walioipokea habari hii kwa kuguna, wakauliza fedha za matembezi zatoka wapi ilhali karibu kila nyumba ina mgeni aliyekimbia vita; na wako walioipokea kwa shauku iliyopita kiasi, wakataka watoto wapelekwe moja kwa moja hata Dar es Salaam wakaione bahari. Mimi, niliyefundisha watoto wa umri huo mpaka mvi zikanijaa kichwani, nawaunga mkono wenye kusudio hilo, lakini nawaomba wote tukubaliane juu ya jambo moja: safari hiyo na iwe fupi, iwe na siku ya kurudi inayojulikana na kila mtoto kabla hajatia mguu botini, na mipango yake yote, toka chakula hata saa ya kulala, ipimwe kwa kipimo cha mtoto na si kwa kipimo cha mfanya biashara.

Naikazia hiyo siku ya kurudi kwa sababu ninyi mnajua, tena mnajua kuliko watu wengi wa dunia hii, jinsi watoto wa Fizi walivyozoea kuvushwa ziwa. Tangu vita vya mwaka 1996, na tena vile vya 1998, na katika misukosuko yote iliyofuata hata hii ya miaka yetu, mtoto wa huku akivushwa aghalabu huvushwa usiku, amefunikwa kanga ya mama yake, ameambiwa asilie, wala hakuna mtu awezaye kumjibu akiuliza nyumbani watarudi lini. Wazazi wengi wa leo, na walimu wengi pia, walikulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, au Lugufu, kambi iliyofungwa mwaka 2009. Na wako waliorudishwa mwaka 1997 katika meli Liemba, meli ile ya Wadachi iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ambayo Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarejesha makwao makumi ya maelfu ya watu. Naam, walirudi; lakini hapana aliyekwenda akijua kwamba atarudi, na tofauti hiyo mtoto huijua ndani ya moyo wake hata kama hana maneno ya kuisema. Darasani nilikuwa nikiwaambia wachore safari, nao wakichora mtumbwi uliojaa watu, magodoro na masufuria, wakachora nyumba imebaki nyuma kwenye ukingo wa karatasi, tena wakaichora ndogo mno. Na katika karatasi zote nilizozikusanya, mtumbwi ulikuwa umeelekeza omo yake upande mmoja tu. Kwa ajili ya michoro hiyo ndiyo nimeshika kalamu. Watoto hawa wana haki ya kupata walau safari moja ambayo imepangwa na wakubwa wenye utulivu, ambayo ndani yake wataona mambo ya ajabu na mazuri, kisha watarudi kulala katika kitanda kilekile walichokitandika asubuhi ya kuondoka.

Ama kwa upande wa njia, uzalendo ungetutaka tuanze na reli ya nchi yetu wenyewe. Kutoka Kalemie, mji uliokuwa ukiitwa Albertville, reli hushika bonde la mto Lukuga, ikapita Niemba na Nyunzu hata Kabalo penye mto Lualaba, masafa ya kilomita 273 yaliyokamilika kujengwa mwaka 1915, nayo leo imo katika milki ya Shirika la Taifa la Reli, yaani SNCC. Ni reli yetu, na natamani siku moja watoto wa Kazimia waipande kwa fahari. Lakini kwa mtoto wa miaka sita haifai kwa sasa, kwa kuwa magari ya abiria ni haba na safari zake hupimwa kwa siku badala ya saa. Fauka ya hayo, misiba iliyotokea katika reli za kusini, kama ule wa Aprili 2014 karibu na Kamina ambao uliwaua makumi ya watu, yatosha kumfanya mzazi mwenye busara asubiri mpaka njia itengenezwe. Tena kuifikia Kalemie kwa maji kutoka hapa ni mwendo mrefu kuliko kulikata ziwa na kufika Kigoma, na mtoto hukabidhiwa ziwa kwa masaa machache iwezekanavyo.

Basi Kigoma ndiyo njia, na wale watakaowaongoza watoto inawapasa waijue hadithi ya reli yake ili waweze kuisimulia. Zamani za misafara, kabla ya chuma kutandikwa, mtu aliyetoka pwani ya Bahari ya Hindi kuja katika ziwa letu alitembea kwa miguu muda wa miezi: Burton na Speke waliondoka mrimani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, wakiwa mmoja hawezi kutembea na mwingine haoni vizuri kwa maradhi ya macho, na kutoka Ujiji walipanda mitumbwi wakavuka kuja upande wetu, wakaiona rasi yetu ya Ubwari wakaidhani kuwa kisiwa. Kwa njia hiyohiyo ya misafara, kupitia Tabora na Ujiji, Kiswahili tunachokisema leo kilivuka maji kikaja kutua kwetu pamoja na nguo, shanga na, kwa huzuni kubwa, minyororo ya watumwa, jambo ambalo watoto wadogo hawana haja ya kuelezwa lote kwa siku moja, lakini mtu mzima anayewashika mkono yampasa alijue. Wadachi walianza kuijenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 wakaifikisha Kigoma, masafa yazidiyo kilomita 1,250. Nao walichagua Kigoma wakaiacha Ujiji, mji mkongwe wenye sifa, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina cha kupokea meli, ilhali maji ya Ujiji ni machache na ufuko wake hujongea. Vipande vya meli ile ya Papenburg vilisafirishwa ndani ya makasha hata Kigoma, vikaungwa hapo. Wadachi wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Hebu fikirini mtoto wa Kazimia, ambaye ameziona mashua na boti tangu kuzaliwa, akiambiwa kwamba meli ilikuja kwa reli. Macho yatamtoka, na swali moja atakalouliza litazaa maswali mengine kumi kabla hajalala.

Lakini wapi mwisho wa safari? Hapa ndipo ninapowakataza Dar es Salaam, na hata Tabora. Kwenda Dar es Salaam kwa reli hii ni kulala njiani, na mtoto mdogo aliyekwisha kaa ndani ya behewa mchana mmoja na usiku mmoja hana tena furaha wala elimu anayoipata, ana miguu iliyovimba na mama aliyekasirika. Mimi nasema Uvinza. Ni sehemu ndogo tu ya njia: gari huondoka Kigoma, likashika bonde la mto Luiche, likapanda milimani na kupita Kazuramimba, likasimama Lugufu, kisha likateremka Uvinza, na hayo yote huchukua masaa ambayo mtoto anaweza kuyavumilia bila kupoteza hamu. Stesheni ya Lugufu inastahili kupewa haki yake. Mzazi aliyelelewa kambini huko na amwoneshe mwanawe kwa dirisha, na kama machozi yatamjia basi yaje, kwa maana ni heri mtoto akapajua mahali hapo akiwa ameshika tiketi mkononi, pamoja na mzazi wake anayeweza kusema kwamba hapa niliishi nilipokuwa mdogo kama wewe, na kesho kutwa tutarudi nyumbani.

Na Uvinza kuna chumvi. Hapo, mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakiyachemsha maji yake katika vyungu mpaka yakauke na kubakiza chumvi safi. Wachunguzi wa mambo ya kale wamevikuta vigae vya vyungu hivyo ardhini tabaka juu ya tabaka. Chumvi hiyo ilikuwa mali ya biashara ya ziwa zima, ikiuzwa Ujiji na kuvushwa kuja magharibi, hata babu zetu waliotia chumvi katika samaki wao wa kukausha aghalabu walitia ya Uvinza. Mpeni mtoto chembe moja ya chumvi ile katika kiganja, mwambieni aiweke juu ya ulimi, kisha mwambieni kwamba babu wa babu yake aliionja hiyohiyo. Somo la historia la saa nzima darasani halilifikii tendo hilo.

Yupo atakayeuliza: kwa nini tusiende Uvinza kwa basi, maana barabara ya lami ipo, tukarudi kwa gari la moshi, ili watoto walione ziwa likiwakaribia mwisho wa safari? Nimelifikiri jambo hili sana, kwa sababu lina uzuri wake. Lakini gari linalotoka Kigoma huanzia Kigoma, limesimama tayari, limefagiliwa, na viti vyake vyajulikana. Lile lijalo kutoka Dar es Salaam na Tabora limekwisha pita zaidi ya kilomita elfu, na likikawia, kama vile magari ya masafa marefu yanavyokawia duniani kote, watoto wenu watasubiri katika kituo kidogo bila kujua mpaka lini, nao watakuwa wamechoka kabla ya safari kuanza. Kwa hiyo shauri lenu na liwe hili: kwenda kwa reli, kulala Uvinza usiku mmoja, kurudi Kigoma kwa basi mchana. Ila kama gari la siku hiyo laondoka jioni au usiku, msilipande. Hakuna faida ya kumpandisha mtoto gari la moshi gizani. Gari la abiria halitoki kila siku, na ratiba hubadilika. Ndiyo maana yatakiwa mtu mmoja mzima atangulie Kigoma, aulize dirishani kwenye stesheni yenyewe, ajue siku, saa, nauli ya mtoto na ya mtu mzima, na daraja lenye nafasi, kisha arudi na jibu kabla hamjawaambia watoto neno lolote. Ahadi ikitangulia uhakika, mtoto huumia bure.

Juu ya ziwa nitasema kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari, na reli ikilinganishwa nalo ni jambo jepesi. Likizo kubwa huangukia Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, na mnaujua upepo wa kusini wa miezi hiyo jinsi unavyoinua mawimbi marefu yanayoupiga ubavu wa chombo kinachokata ziwa kwenda mashariki. Likizo ya Pasaka nayo huangukia katika mvua, na tufani zake hushuka ghafula hata nahodha hodari asipate nafasi ya kugeuza. Hapana majira yaliyo salama kwa yakini. Desemba 2014, chombo kiitwacho Mutambala kilizama katika ziwa hili upande wa Kalemie, kikiwa kimejaza kupita kiasi na upepo umekikamata, na watu zaidi ya mia moja na ishirini wakafa. Na Oktoba 2024 chombo kingine kikazama katika Ziwa Kivu mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangojea jamaa zao ufukweni Goma. Misiba hii miwili haikuletwa na maji peke yake. Ililetwa na mizigo na tamaa. Kwa hiyo sharti la kwanza, na hili nalitaka liandikwe katika daftari la kamati kwa wino, ni kwamba watoto wasichanganywe na shehena. Boti itakayowachukua isipakie saruji, wala mafuta, wala magunia ya mahindi kwa nia ya kupunguza gharama. Na kama fedha za kuikodi boti nzima hazipo, basi safari na iahirishwe mwaka mmoja.

Sharti la pili ni majaketi ya kuokolea, nayo yawe ya kimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima akivishwa mtoto wa miaka mitano, akianguka majini, humpanda shingoni likamteleza kichwani, likaelea peke yake. Ufungeni mkanda wake unaopita katikati ya miguu, kisha mwinueni mtoto kwa kushika mabega ya jaketi: likimwacha, halimfai. Fanyeni jaribio hilo ufukweni siku ya kwanza ya maandalizi, watoto wenyewe watacheka na kulipenda, na asubuhi ya kuondoka hapatakuwa na kilio. Sharti la tatu ni kwamba neno la nahodha likisema leo hatuendi, hapana mwenyekiti wa kamati, wala mwalimu mkuu, wala baba mwenye fedha, awezaye kulitengua. Na ili neno hilo liweze kutamkwa bila woga, msipange kuvuka ziwa na kupanda gari la moshi siku moja. Wekeni siku za nafasi. Fikeni Kigoma, laleni usiku, watoto waoge, wale, waamke wamepumzika, ndipo mwende stesheni. Mtu aliyeifunga safari yake kwa kamba moja, boti na gari siku ileile, ndiye atakayemshurutisha nahodha aingie katika upepo.

Hati nitazitaja kwa haraka. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wako wanaodhani kwamba uanachama huo wenyewe umekuwa hati ya kupitia, sivyo. Kila mtu mzima na awe na hati yake ya kusafiria, na kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa pamoja na idhini ya maandishi ya wazazi wake iliyothibitishwa na serikali ya mahali, hasa mtoto asiyefuatana na mzazi wake mwenyewe. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano hudaiwa Tanzania kwa msafiri atokaye kwetu mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea, nayo chanjo yataka siku kumi kabla haijahesabiwa kuwa na nguvu. Kwa hiyo asiyekuwa nayo aende zahanati mapema. Fedha badilisheni ziwe shilingi kabla ya kufika dirishani. Na saa! Saa za Kigoma zimetangulia zetu kwa saa moja kamili. Jua ni lilelile, maji ni yaleyale, lakini itakapokuwa saa moja asubuhi Kazimia, Kigoma ni saa mbili, na gari la moshi halimngojei mtu aliyesahau kugeuza saa yake. Kila kiongozi wa watoto na ageuze saa na simu yake akiwa bado botini.

Tukiwa ndani ya behewa, mambo yanayoiharibu safari ni madogo madogo, na kwa sababu hiyo wakubwa huyapuuza. Chakula na kiwe kile mtoto anachokila nyumbani: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi, mikate ya kukaanga, karanga, dagaa wa kukaanga pia ni wazuri, ila wafungwe vizuri maana chumba kimoja cha watu wengi hakiwezi kustahimili harufu yao mchana kutwa. Msiwajaribie vyakula vigeni siku hiyo, hata wachuuzi wa vituoni wakija na masinia yao yanayovutia. Nunueni matunda ya kumenya, basi. Maji yawe ya kuchemshwa, kila mtoto na chupa yake yenye alama ya rangi anayoijua, kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza hajui kusoma jina lake upesi lakini uzi mwekundu haumpotei. Kabla ya gari kuondoka waende wote chooni stesheni, hata wale wanaoapa kwamba hawana haja. Choo cha ndani ya behewa humtisha mtoto kwa mtikisiko na kelele zake. Aingie na mtu mzima, amshike mkono, asimwache peke yake kwa kuona haya.

Dirisha ndilo darasa. Mwekeni mdogo dirishani na mkubwa kando yake, kisha wabadilishane kila kituo, na amri iwe moja tu, nyepesi kukumbukwa: kichwa na mikono hukaa ndani. Mahali behewa linapoungana na jingine, pale penye sahani za chuma zinazosugana, mtoto asisimame kamwe. Waacheni wasikie mlio wa magurudumu yakipita kwenye viungo vya reli, wahesabu mataruma gari linapoondoka taratibu, waone jinsi kichwa cha gari kinavyoonekana chote njia inapopinda. Msiwajaze mafundisho. Mwalimu mzuri katika safari hujibu anapoulizwa, na aghalabu hunyamaza. Na mtoto akisinzia katikati ya jambo ambalo ninyi mwaliona la maana kuliko yote, mwacheni asinzie.

Idadi yao isiwe kubwa. Kwa maoni yangu mtu mzima mmoja hawezi kuwaangalia watoto zaidi ya watatu wa umri huo katika bandari ya kigeni, na katika wakubwa hao sharti wawemo akina mama wasiopungua nusu. Tena nawasihi sana, wanakamati, msiifanye safari hii kuwa ya watoto wa wenye maduka na wa wale ambao dhahabu ya Misisi imewatajirisha. Tengeni nafasi kwa mayatima na kwa watoto wa nyumba zilizopokea wakimbizi, nauli zao zilipwe kwa mchango wa wote, wala jina la mchangiaji lisitangazwe mbele yao. Maana mtoto akijua kwamba amechukuliwa kwa sadaka, atakaa dirishani akiomba radhi kwa kila anachokiona.

Na sasa nawajibu waliosema kwamba huu si wakati wa matembezi. Nimeishi katika nchi hii miaka mingi, nami sijauona huo wakati mnaoungojea. Kila kizazi kiliambiwa kisubiri amani ndipo watoto wafurahi, na kila kizazi cha watoto kilikua kikapita kikingojea. Sisemi tuifumbie macho hatari: kama njia ya kwenda ufukweni haina usalama, au serikali imefunga bandari, hapana safari, na hilo halina mjadala. Nasema kwamba ikipatikana nafasi ya juma moja la utulivu, nafasi hiyo ni ya watoto kama ilivyo ya wafanya biashara, ambao huitumia bila kumwomba mtu ruhusa.

Fauka ya hayo, reli yenyewe haitabaki ilipo. Desemba 2022 Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa, yenye njia pana zaidi, kutoka Tabora hata Kigoma, kilomita 506. Na kutoka Uvinza imekusudiwa njia nyingine ya kwenda Musongati na Gitega katika Burundi, pamoja na nia ya kuiendeleza hata kwetu, Uvira na mpaka Kindu. Kama kusudio hilo litatimia, watakaoitumia, watakaoiendesha na kuitengeneza reli hiyo, na watakaozijadili bei zake na haki za mashamba itakayoyapitia, ni hawa walio darasa la kwanza leo. Sitaki wakutane nayo kama watu wanaokutana na mnyama wasiyemjua.

Basi nawaomba haya, nayo si mengi. Kabla muhula huu haujaisha, iteni mkutano mmoja wa wazazi, na manahodha wawe wa kwanza kusema. Mchagueni mtu mmoja mwaminifu avuke Kigoma akaulize ratiba, nauli na mahali pa kulala watoto, Kigoma na Uvinza. Mpelekeni mwingine kwa wakuu wa uhamiaji wa pande zote mbili, apate jibu la maandishi juu ya hati za watoto. Nunueni au kodisheni majaketi, na myajaribu. Kisha, hayo yote yakiwa tayari na si kabla yake, wakusanyeni watoto, waandikieni ubaoni siku mbili, siku ya kuondoka na siku ya kurudi, na hiyo ya pili iandikeni kwa herufi kubwa.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, Kazimia